Oktoba Ina Tarehe Mbili

Atokaye mjini kwenda Keko ana njia mbili kubwa: ashike Barabara ya Kilwa upande wa bandari, au ashike Barabara ya Nyerere upande wa viwanda. Hiyo ya pili wazee bado huiita Barabara ya Pugu, na hawakosei, kwani ndilo jina lake la zamani kabla halijabadilishwa ili kumuenzi Mwalimu. Keko zote zimebanana kati ya barabara hizo: Magurumbasi, Machungwa, Mwanga, Toroli, Juu. Mtu wa mbali akilisikia jina la Keko hukumbuka gereza la mahabusu, au makochi na vitanda vilivyopangwa kando ya njia vikisubiri mteja. Mwenyeji anajua zaidi ya hayo. Lakini hata mwenyeji, ukimuuliza Oktoba ni mwezi wa kumkumbuka nani, atakujibu bila kufikiri: Oktoba 14, siku aliyofariki Baba wa Taifa mwaka 1999. Ofisi na shule hufungwa, redio hurudia hotuba zake, na sauti ile ya taratibu yenye kicheko hupita juu ya kelele za misumeno. Siku mbili kabla yake kuna tarehe nyingine. Jumamosi, Oktoba 12, 1968, alifariki Dar es Salaam Abdulwahid Sykes, mtu aliyekuwa na chama cha makuli wa bandari mikononi mwake kabla TANU haijazaliwa. Tarehe hiyo haina mapumziko wala hotuba, na fundi seremala wa Keko anaipitisha kama siku yoyote ya kupiga randa.

Nakusudia kueleza kwamba tofauti kati ya tarehe hizi mbili haitokani na uzito wa marehemu peke yake. Inatokana na nani ameshika daftari. Kumbukumbu ya kufa ndiyo historia ya kwanza ambayo mtu wa kawaida huiandika, na kwa watu wengi wa nchi hii ndiyo ya pekee. Serikali iliikuta kazi hiyo ikifanyika nyumbani, msikitini na kanisani, ikaichukulia majina machache makubwa, nasi tukadhani kazi yote imehama. Haijahama. Tumeiacha tu.

Mila yenyewe ni ya zamani kuliko sikukuu yoyote ya taifa. Pwani huanza na matanga, ikafuata arobaini, kisha mwaka unapotimia watu wakasoma hitma. Mashehe wakubwa husomewa hauli, neno la Kiarabu linalotokana na mwaka, na kwa kuwa mwaka huo ni wa mwandamo wa mwezi, hauli hailingani na kalenda ya ukutani: kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja. Bagamoyo, watu wa tarika ya Qadiriyya wamemkumbuka kwa namna hiyo Shehe Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, mtu aliyeletwa pwani akiwa mtumwa kutoka bara akafikia kuwa khalifa. Hakuna serikali, ya Mwingereza wala ya Mwafrika, iliyowaamuru wamkumbuke. Wakristo nao wana misa ya kumbukumbu, na wapo wanaosafiri kutoka Tanzania hadi Namugongo kila Juni 3 kwa ajili ya mashahidi wa Uganda waliochomwa moto mwaka 1886. Kisha ikaja Radio Tanzania na matangazo ya vifo. Kwa miaka mingi nchi nzima ilinyamaza kusikiliza majina ya watu wasiojulikana, kijiji walikofia na ndugu wanaotakiwa kufika. Magazeti nayo yakafungua nafasi ya picha ndogo yenye maneno machache ya mke au watoto, kwamba leo umetimia mwaka wa tano au wa kumi tangu ututoke. Mwanahistoria anayezipita picha hizo haraka akitafuta habari za baraza la mawaziri anatupa hazina.

Kuna swali la haki hapa: kwa nini kufa na si kuzaliwa? Wazungu husherehekea zaidi siku za kuzaliwa, na hata kwetu Aprili 13 hutajwa kuwa siku aliyozaliwa Mwalimu. Jibu liko katika maisha ya kizazi chake. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua, kwa kuwa siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha. Hivyo ndivyo kuzaliwa kulivyohifadhiwa zamani: kwa mvua, njaa, nzige au vita. Abeid Karume huandikwa kuwa alizaliwa mwaka 1905 na Siti binti Saad karibu na mwaka 1880, na hizo ni hesabu za kukadiria. Vifo vyao havikadiriwi. Siti alifariki Julai 8, 1950. Karume aliuawa jioni ya Ijumaa, Aprili 7, 1972, akicheza bao makao makuu ya Afro-Shirazi, Kisiwandui. Mtoto huzaliwa mbele ya mama na mkunga, wala hakuna ajuaye atakuwa nani. Mtu mzima hufa mbele ya jamaa, majirani na wapinzani, na wote wanajua alikuwa nani. Kwa watu wasiokuwa na cheti, tarehe ya msiba ndiyo tarehe yenye mashahidi. Mtaa mzima unaweza kuiapia.

Sasa turudi kwa makuli. Keko ni jirani wa bandari na wa viwanda vya Barabara ya Pugu, moja ya makazi yaliyokua bila ramani ya mkoloni kwa sababu watu walihitaji kulala karibu na kazi. Mgomo uliozuka bandarini Septemba 1947 ukapanda na reli hadi bara uliitikisa serikali kuliko maombi ya maandishi ya miaka mingi. Mwaka uliofuata makuli wakawa na chama, na katibu wao akawa Abdulwahid Sykes, kijana aliyekuwa ametoka kwenye Vita vya Pili vya Dunia, alikopigana Burma na King's African Rifles. Siasa hakuiokota njiani. Baba yake, Kleist Sykes, alikuwa katibu mwanzilishi wa African Association mwaka 1929, akafariki mwaka 1949. Mwanawe akaingia kwenye uongozi wa TAA, mrithi wa chama hicho, pamoja na Dk. Vedasto Kyaruzi, na mwaka 1953, katika ukumbi wa Arnautoglo, kiti cha urais wa TAA kikaenda kwa mwalimu mgeni aliyekuwa akifundisha Pugu. Julai 7 mwaka uliofuata TAA ikageuka TANU. Kadi namba 1 ilikuwa ya Nyerere, namba 2 ya Ally Sykes, namba 3 ya ndugu yake Abdulwahid.

Namba hizo tatu zinatosha kuonyesha kwamba hatuzungumzii mtu wa pembeni. Na Mwalimu hakuificha habari hiyo: alipowaaga wazee wa Dar es Salaam mwaka 1985, Abdul Sykes alikuwa miongoni mwa waliotajwa. Lakini kutajwa kwenye hotuba ni jambo moja na kuwa na siku ni jambo jingine. Hotuba husikika mara moja, siku hurudi kila mwaka iwe umeiita au hukuiita. Angalia ni wapi habari za ukoo huo zilihifadhiwa. Maisha ya Kleist yaliandikwa na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, katika kitabu cha Watanzania wa zama mpya kilichohaririwa na John Iliffe mwaka 1973, akitegemea kumbukumbu alizoziacha babu yake. Maisha ya Abdulwahid yaliandikwa na Mohamed Said, mtoto wa mji huu, katika kitabu kilichotoka London mwaka 1998, baada ya kulalamika kwamba historia rasmi ya chama iliwapa wazee wale nafasi finyu. Kitabu hicho kimepingwa na wengine, na ni haki yao kukipinga, maana kinadai mambo mazito kuhusu dini na siasa. Hata anayekipinga lakini analazimika kujibu majina, nyumba, mitaa na tarehe. Kilichoiweka habari hiyo hai kwa miaka thelathini ya kimya ni mazungumzo ya barazani na masanduku ya karatasi ndani ya nyumba. Wizara haikuwa na mkono ndani yake.

Mfano mzuri zaidi wa kupima nguvu ya serikali na ya watu ni mwezi wa Aprili. Aprili 7 ni Siku ya Karume, mapumziko ya taifa, na kila mwaka viongozi hukusanyika Kisiwandui kumsomea hitma. Tazama hapo serikali ilivyofanya: ilikwenda kuazima kwa watu kisomo kile kile kinachosomwa chumbani Keko juu ya mkeka, ikakipa bendera na mizinga. Siku tano baadaye ni Aprili 12. Mwaka 1984 siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Waziri Mkuu Edward Sokoine alikuwa njiani kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam baada ya kikao cha Bunge, gari lake likagongwa Wami Dakawa, Morogoro, akafariki akiwa na umri wa miaka 45. Mwalimu mwenyewe aliitangazia nchi msiba huo redioni. Chuo kikuu cha kilimo kikapewa jina lake mwaka huo huo. Siku ya mapumziko haikupewa. Pamoja na hayo, Mtanzania aliyekuwa na akili zake mwaka huo atakuambia alikuwa wapi redio ilipobadilisha mpigo, na kila Aprili 12 jina la Sokoine hurudi midomoni, hasa bei za vitu zinapopanda na watu wakakumbuka vita yake dhidi ya wahujumu uchumi. Kwa hiyo mapumziko si sharti la kumbukumbu. Mkumbuke pia Rashidi Kawawa, Simba wa Vita, aliyekufa Desemba 31, 2009. Alichagua, kama mtu huchagua, siku ambayo macho ya wote yako kwenye mwaka mpya, na naona hilo limemdhulumu kuliko hila yoyote ya siasa.

Aprili haijaisha. Usiku wa kuamkia Jumamosi, Aprili 7, 2012, katikati ya Pasaka, akafariki nyumbani kwake Sinza mwigizaji Steven Kanumba, mwenye miaka 28. Siku tatu baadaye alizikwa makaburi ya Kinondoni, na umati uliojitokeza uliwashangaza wanasiasa waliozoea kukodi malori ili kupata watu nusu ya hao. Tangu hapo Aprili 7 imekuwa na marehemu wawili. Mmoja ana mapumziko, mwingine ana picha zinazosambaa kwenye simu tangu alfajiri na filamu zake kurudishwa kwenye runinga. Wapo wanaoona ni aibu kumweka mwigizaji karibu na rais mwanamapinduzi. Sioni aibu. Hakuna aliyetoa amri kwa ajili ya Kanumba, na bado watu wakaitunza tarehe yake, kwa sababu vijana wa Manzese, Temeke na Keko walijiona kwenye filamu zake wakiongea Kiswahili chao, wakigombana kwa sababu zao. Daftari la watu halisomi vyeo.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa watu wa dini wanaosema kumfanyia maiti siku yake kila mwaka ni uzushi usiokuwemo katika mafundisho, na kwamba dua humfikia marehemu siku yoyote. Sina elimu ya kuwaamulia, wala hoja yangu haihitaji uamuzi huo. Asiyesoma hauli anaweza kuandika tarehe, kuwaeleza watoto, au kusafisha kaburi. Ninalotetea ni kutunza habari za mtu katika siku inayojulikana, na hilo halina kafara wala ubani.

Pingamizi la pili ni la siasa, nalo ndilo zito. Wanasema kumbukizi za wakubwa zimekuwa soko la sifa: kila mwenye kutaka cheo husimama kumlilia marehemu, akamvisha maneno ambayo hakuyasema, na mwisho marehemu anakuwa ngao ya waliopo. Ni kweli, na Oktoba 14 imeona mengi ya namna hiyo. Kenya walijaribu kuitibu: katiba ya mwaka 2010 iliifuta Siku ya Kenyatta, Oktoba 20 ikawa Mashujaa, siku ya wote. Nasi tuna Siku ya Mashujaa, Julai 25. Nia ni njema, lakini siku ya wote ina kasoro yake: haimuulizi mtu yeyote alikufaje. Tarehe ya mmoja inauliza. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957, akazikwa mahali pasipo alama, na sanamu yake ilipozinduliwa Nairobi miaka 50 baadaye, siku ile ile, swali la kaburi liko wapi lilisimama pamoja nayo. Patrice Lumumba aliuawa Januari 17, 1961, na Kongo huifunga nchi siku hiyo, kesho yake baada ya siku ya Laurent Kabila, yule aliyeishi miaka mingi hapa Dar es Salaam na akauawa Januari 16, 2001. Tarehe ya Lumumba ilirudi kila mwaka ikiudai mwili, hata Ubelgiji ikakabidhi jino mwaka 2022, maana ndilo lililobaki. Songea kila Februari 27 wanawakumbuka wazee wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Msemaji mnafiki anaweza kujipendekeza anavyotaka mbele ya makaburi hayo, lakini hawezi kuigeuza kamba ikawa kitu kingine. Na Burundi, Oktoba 13, kati ya tarehe zetu mbili, wanamkumbuka Louis Rwagasore aliyepigwa risasi mwaka 1961. Dawa ya sifa za uongo ni kuzidisha tarehe na kuzidisha wanaozishika. Daftari likiwa na waandishi wengi, mwongo mmoja haliharibu.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini: Keko ina watu gani mashuhuri hata itake kalenda yake? Anayeuliza hivyo ameshika kipimo cha ikulu. Mwaka 1999 jeneza la Mwalimu lilipowasili kutoka London, watu walijipanga kandokando ya barabara itokayo uwanja wa ndege, na wakamuaga kwenye Uwanja wa Taifa, sasa Uwanja wa Uhuru, ulioko Temeke, jirani kabisa na Keko. Mwaka 2021 uwanja ule ule ukapokea jeneza la John Magufuli, aliyefariki Machi 17. Machi 21 umati ulisukumana kutaka kuingia kumuaga, na polisi baadaye walisema watu 45 walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa. Machi 17 viongozi hukutana Chato. Machi 21 ni ya nani? Wale 45 walikufa wakifanya hasa jambo tunalolizungumzia hapa, la kumheshimu marehemu, na majina yao yamebaki kwa ndugu zao tu. Linganisha na Mwanza: MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na kila mwaka watu hukusanyika kwenye makaburi ya Igoma kuwaombea mamia waliozama, abiria wa kawaida waliokuwa na ndizi na mizigo yao. Umashuhuri haukuwa sharti. Kilichohitajika ni mahali, tarehe na watu wa kuirudia.

Na gharama? Hakuna anayedai mapumziko mapya. Nchi yenye mapumziko mengi hukosa siku za kufanya kazi, na fundi wa Keko hali chakula cha sikukuu asipouza kitanda. Ubao unatosha. Kila ofisi ya serikali ya mtaa ina mahali pa kubandika matangazo ya maji, chanjo na mikutano. Nafasi moja pembeni iwekwe majina ya waliotangulia mwezi huo: kuli aliyegoma mwaka 1947, mwalimu wa madrasa, mkunga, kiongozi wa jumuiya, mpiga gitaa, mama aliyetembeza kadi za TANU nyumba kwa nyumba nyakati ambazo wanaume waliogopa kufukuzwa kazi. Bibi Titi Mohamed ana barabara mjini, na alikufa Novemba 5, 2000, lakini wanawake aliowaingiza chamani kwa maelfu hawana hata mstari. Wajukuu wao wako Keko, Buguruni na Magomeni, na baadhi yao bado wana kadi ndani ya makabati. Mbao za kutengenezea ubao huo hazitoki mbali, na mafundi wapo mlangoni.

Anayesoma haya akiwa na mzee nyumbani amuulize leo, aandike jina, tarehe na mahali, kabla huyo mzee naye hajawa tarehe. Oktoba 12, 2028 itatimia miaka 60 tangu Abdulwahid Sykes afariki. Itakuwa Alhamisi, siku ya kazi.